Swali Lililokosa Mkubwa Wake

Kitendawili!

Mbona mmenyamaza, wajukuu zangu? Kitendawili! Haya, nimesikia "tega" moja, tena imetoka kwa aliyekuwa anapiga miayo. Namtegea huyo huyo: nina mzee wangu, hali wala hanywi, hana miguu wala meno, akilala, nchi nzima inakosa usingizi, akiamka, anauliza swali moja tu.

Paka? Paka anakula, tena anakula kuliko wewe. Saa ya ukutani? Saa haiulizi kitu. Redio? Redio ndiyo kabisa, yenyewe inajibu hata kisichoulizwa. Mmeshindwa. Nipeni mji.

Tanga? Tanga mmeshanipa mara nyingi, nimeuchoka. Leo mji haunitoshi, nipeni nchi. Nipeni ile isiyo na jina, ya mbali huko, ambayo sisi hapa haituhusu hata kidogo, na anayeona kama inamhusu ajiulize mwenyewe kwa nini. Mmenipa? Basi nimekwenda, nimefika, nimekaribishwa, nimekula pilau na kachumbari yake, na nikiwa bado natafuta kijiti cha kuchokolea meno ndipo nikayaona haya ninayowaambia.

Jibu ni kompyuta.

*

Nchi ile ilikuwa na kompyuta moja. Watu binafsi walikuwa nazo zao za kuchezea karata, lakini kompyuta yenye kauli ilikuwa hiyo moja, Kompyuta Kuu ya Taifa, imewekwa kwenye zulia jekundu katika ukumbi wa Wizara ya Kumbukumbu. Humo ndimo yalimokaa majina ya watu wote. Mtoto akitoka tumboni alikuwa bado hajazaliwa mpaka jina lake liingie humo. Mtu akikata roho alikuwa bado hajafa mpaka kompyuta ikubali, na wapo waliokuwa wakisubiri kukubaliwa, wamelala kimya, wana subira kuliko ninyi. Humo zilikaa pia kura za uchaguzi uliopita, na kwa kuwa nchi ile ilipenda kujiandaa mapema, kura za uchaguzi ujao.

Kompyuta hiyo ilipewa heshima zake. Ilikuwa na mlinzi mwenye bunduki. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake bendera, na juu ya bendera blanketi, isije ikashikwa na baridi. Haikuzimwa hata siku moja, maana kumzima mkubwa ni uhaini.

Sasa mimi shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiieleza kompyuta kama ninavyoeleza sufuria. Ndani yake kuna kitu kinaitwa mfumo endeshi. Bila huo, kompyuta ni bati lenye waya, huwezi hata kukaangia kitunguu. Mfumo huo huomba kurekebishwa kila baada ya muda, na ule wa nchi ile uliomba kwa adabu kabisa: "Nijirekebishe sasa, au baadaye?"

Hapo inabidi niwaambie mila yao. Katika nchi ile swali halijibiwi na aliyeulizwa. Swali hujibiwa na mkubwa wa aliyeulizwa. Ukimuuliza muuza nyanya kama nyanya zimeiva, anakwambia ngoja nimuulize mwenye shamba. Bwana harusi akiulizwa kama amekubali kuoa, anayejibu ni baba yake, na usiku wa harusi sijui walifanyaje, sikuuliza.

Basi karani alipoulizwa na kompyuta, akamuuliza mkurugenzi, mkurugenzi akamuuliza waziri. Waziri wa Kumbukumbu alikuwa Mheshimiwa Dakta Mwinyimvua, mtu mwenye tumbo la mbele na la nyuma. Akatoa mwongozo wa kudumu: "Baadaye." Mwongozo ukachongwa kwenye kibao cha shaba, ukapigiliwa ukutani. Kila asubuhi kompyuta inauliza, kila asubuhi karani anaionyesha kibao.

Asubuhi moja haikuuliza.

Kioo kilikuwa cheusi tii. Karani akabonyeza hapa, kimya; akabonyeza pale, kimya. Mlinzi akapiga saluti, akidhani labda ndicho kinachongojwa. Mchana redio ya taifa ikatangaza:

"Wananchi mnaombwa kuwa watulivu. Kompyuta Kuu haijafa, haiumwi, wala haijachoka. Kompyuta Kuu inatafakari mustakabali wa taifa. Wakati inatafakari ni marufuku kuzaliwa, kufa, kuoa na kupandishwa cheo. Waliokwisha kuanza mambo hayo, wasitishe."

*

Tangazo lilichelewa kumfikia mtoto wa Sihaba. Yeye alikuwa ametoka alfajiri ileile, huko mtaa wa Chumvini, mikononi mwa bibi yake mzaa mama. Bibi huyo ni Bi. Somoe, mkunga wa mtaa mzima, mwanamke mwembamba, mdomo mwekundu kwa tambuu, ulimi hauna breki.

Mtoto alikuwa mzuri, lakini kifua kilimbana. Akivuta pumzi, mbavu zinaonekana kama za mwavuli kwenye upepo. Bi. Somoe akamwekea mvuke, akamkanda, akamlaza ubavu. Jioni akamwambia bintiye, "Mwanangu, yangu yameisha. Hapa panataka hewa ya mtungi na sindano. Twende hospitali."

Langoni wakamkuta nesi.

"Jina la mtoto?"

"Hajapewa bado, dada," Sihaba akasema. "Ndiyo kwanza kazaliwa."

"Hajazaliwa."

Sihaba akamtazama mtoto mikononi. "Dada, si huyu hapa?"

"Namwona, mama, hata mimi nina macho. Lakini kwenye kompyuta hayumo, kwa hiyo hajazaliwa. Akizaliwa mleteni. Dawa tunazo, mitungi tunayo, tutamhudumia vizuri sana."

Bi. Somoe akatema tambuu pembeni. "Kwa hiyo binti yangu huyu bado mjamzito?"

Nesi akafikiri. "Hilo swali zuri, bibi. Ngoja nimuulize mkubwa wangu."

"Muulize upesi. Akisema ndiyo, basi mumlaze wodi ya wajawazito, na hiyo mimba yake inayokohoa muiwekee mtungi."

Nesi alitaka kucheka, akakumbuka yuko kazini. Akaingia ndani kumtafuta mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa ameenda kumtafuta mkubwa wake. Sihaba na mama yake wakakaa kwenye benchi nje ya lango, mtoto anakoroma kifuani kama birika lililosahaulika jikoni.

*

Kule wizarani wakaamua kuita mtaalamu kutoka nje, kwa sababu wa ndani walikuwapo lakini walikuwa wa ndani. Akapatikana Fundi Kachenje, mwenye kibanda nyuma ya wizara hiyohiyo. Wakamchukua, wakampeleka uwanja wa ndege, wakamtoa mlango wa wageni, wakamvika shada la maua, wakamrudisha. Akaingia ukumbini akitembea kama mtu aliyechoka na safari.

Akaivua kompyuta blanketi, akaivua bendera, akaivua kitambaa, akafungua bati. Ndani akakuta mjusi aliyekaukia kwa joto, ambaye kwa taratibu za wakati ule alihesabika mzima.

"Mheshimiwa," akasema, "mfumo endeshi umeoza. Dawa ni kuuweka upya. Mnayo nakala ya kumbukumbu za taifa?"

Waziri akaangua kicheko. "Fundi, sisi ni watoto? Nakala ipo. Imehifadhiwa mahali salama kuliko pote katika nchi hii."

"Ni wapi, nikaichukue?"

"Humu," akasema Waziri, akaigonga kompyuta kichwani.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. Akachomeka flashi yake ubavuni, akabonyeza, akangoja. Kioo kikawaka! Watu wakapiga vigelegele, mlinzi akapiga saluti. Kisha maneno yakatokea, meupe, makubwa, hayana hata salamu:

FUTA KILA KITU UANZE UPYA?
NDIYO – HAPANA

Fundi Kachenje aliinua mikono juu kama aliyegusa jiko. "Mimi nimefika mwisho wangu. Mimi ni mtu wa waya."

"Tukisema Hapana?" akauliza Waziri.

"Inazima, tunarudi gizani."

"Na tukisema Ndiyo?"

"Inafuta yote, inaamka nzima. Lakini itakuwa haimjui mtu."

"Haimjui mtu yeyote?"

"Hata wewe, Mheshimiwa."

Waziri akakaa chini. Tumbo la nyuma ndilo lililotangulia.

Swali likaanza kupanda ngazi. Lilipotoka kwa karani lilikuwa na maneno matano. Naibu mkurugenzi akaona si adabu kumpelekea mkurugenzi swali lililo uchi, akalivika "kwa heshima na taadhima". Mkurugenzi akaongeza "kwa kuzingatia mafanikio makubwa yaliyokwisha kupatikana". Waziri akaongeza pole, hongera, na salamu kwa familia. Lilipofika Ikulu lilisomwa kwa robo saa, likapigiwa makofi, na hakuna aliyejua limeuliza nini. Ikabidi Mtukufu aje alione mwenyewe.

*

Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuja na pikipiki mbele, kwaya nyuma, na kiti chake katikati. Kila mtu akainama. Akaweka miwani, akasoma, akavua miwani, akaisafisha, akasoma tena. Maneno hayakubadilika. Lilikuwa jambo jipya kwake, maana maneno mengine yote nchini yalibadilika yeye akiyatazama.

"Humu," akauliza taratibu, "kura zangu zimo?"

"Zimo, Mtukufu."

"Na zile za mwakani?"

"Nazo zimo. Umeshinda vizuri sana."

Mtukufu akavuta leso. Waziri Mwinyimvua akapiga magoti, na kwa kufuata mila, bila nia mbaya hata chembe, akasema: "Mtukufu, swali hujibiwa na mkubwa wa aliyeulizwa. Sasa limekufikia wewe. Tafadhali tuelekeze: mkubwa wako ni nani, tumpelekee?"

Hakuna aliyewahi kuwaza hilo.

"Katiba!" akasema mmoja. Wakaitafuta, wakakumbuka kwamba nayo imo ndani ya kompyuta.

"Wananchi," akasema mwingine huko nyuma. Shingo zote zikageuka. Akaeleza kwamba alikuwa anakohoa.

"Mwenyezi Mungu!" akasema wa tatu, na hapo wote wakaitikia. Ikaitishwa dua ya taifa palepale uwanjani, mashehe upande huu, maaskofu upande ule, wakaomba jibu. Baada ya kitambo ikadondoka mvua, matone machache, ya kulowesha kofia tu. Waziri akatazama juu, akatoa tafsiri rasmi: "Baadaye."

Huko langoni mwa hospitali matone hayohayo yalimdondokea Sihaba. Akamfunika mtoto kwa kanga, akasema, "Mama, midomo inabadilika rangi." Bi. Somoe akasimama, akaanza kupiga lango la chuma kwa kiatu. Aliyekuja ni nesi yuleyule, macho mekundu. "Bibi, wallahi namngoja mkubwa wangu. Hata mimi nina wangu nyumbani." Akampenyezea Sihaba blanketi kati ya vyuma, akarudi ndani mbio kabla hajaulizwa katoa ruhusa wapi.

Tuwaache hapo kidogo, msinilie, turudi ukumbini.

Mtukufu alikuwa bado amekaa mbele ya swali. Waziri akajaribu njia nyingine: "Mtukufu, katika maisha yako matukufu, yupo mtu aliyewahi kukuamuru, ukatii?"

Mtukufu akatafuta kichwani mwake muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kanzu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Yupo. Marehemu mama alinisimulia. Nilipozaliwa nilikataa kulia, nikawa kimya, wakadhani si riziki. Mkunga akanipiga kofi, akaniambia, 'Lia!' Nikalia."

Mawaziri wakapiga makofi kwa kulia huko.

"Na mkunga huyo yuko wapi?"

"Chumvini. Kama bado yu hai anaitwa Somoe."

*

Magari yenye ving'ora yakaenda Chumvini. Majirani wakaelekeza hospitali. Magari yakageuka, yakamkuta Bi. Somoe kiatu mkononi.

"Bibi, unaitwa na Mtukufu," akasema ofisa aliyeshuka gari la mbele.

"Mwambie nina mjukuu ambaye hajazaliwa. Sina nafasi."

"Bibi, ni amri!"

"Amri ya nani? Wewe unaitwa nani kwanza? Mtoto wa Mwanaidi wewe! Nilikutoa matako mbele, ukamsumbua mama yako mpaka adhuhuri, leo unaniletea amri?"

Ofisa akatazama viatu vyake. Mwishowe wakakubaliana aende na bintiye na mtoto, wote gari la mbele. Wakaingia ukumbini hivyo: bibi kizee na kiatu chake, Sihaba na kanga iliyolowa, na kile kifua kidogo kinachokoroma, kikasikika mpaka kwenye kwaya.

Mtukufu, ambaye hakuwahi kumtangulia mtu kwa salamu, alijikuta amesimama.

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Marahaba, Chakupewa. Umenenepa."

Chakupewa! Mawaziri wakatazamana. Kwenye kompyuta jina hilo halikuwamo. Humo alikuwa na majina saba, yote ya ushindi.

"Haya, mmeniitia nini? Semeni upesi, mjukuu wangu anakosa pumzi."

Waziri akamsomea swali, la robo saa. Bi. Somoe akamkatiza kwenye "mafanikio makubwa", akaenda kusoma mwenyewe kwenye kioo, kidole chini ya kila neno.

"Hili tu? Na hakuna aliyelijibu?"

"Hakuna, bibi."

"Ninyi nyote, na suti hizi?"

"Tumeshindwa, bibi," akasema Waziri.

"Mmeshindwa?"

"Tumeshindwa."

"Basi nipeni mji."

Hilo, wajukuu zangu, lilikuwa sheria kongwe kuliko Katiba, na kila mtu mle ndani, hata Mtukufu, alikuwa amewahi kuitii akiwa kwenye mkeka wa bibi yake. Aliyeshindwa hutoa mji. Hakuna rufaa.

Mtukufu akakohoa. "Chukua Makorongoni."

"Huo hauna maji. Sitaki."

"Chukua Bandari Kavu."

"Huo hata wewe mwenyewe huendi, unaupungia mkono kwenye ndege. Nipe huu huu tuliokalia."

"Mji mkuu?"

"Mimi sikukutuma ushindwe."

Mtukufu akatazama kulia, kushoto, hakuna mkubwa. "Haya. Chukua."

Bi. Somoe akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasimama katikati ya zulia jekundu, akaanza kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya kujidai: "Nimekwenda, nimefika mjini kwangu! Nimekalia viti vyao, nimekula kuku wao, mifupa nimewaachia mawaziri! Nimekwenda hospitali ya mjini kwangu, nesi kanifungulia lango lote, kaniambia karibu mwenye mji! Nimemwambia huyu amezaliwa, nimemzalisha mimi, anaitwa Sikudhani, mpe mtungi, mpe sindano, mpe na kitanda cha dirishani! Nesi kasema ndiyo mama, bila kumuuliza mtu! Sihaba, unangoja nini? Si mji wa mama yako huo? Nenda!"

Sihaba akatoka mbio. Yule ofisa, mtoto wa Mwanaidi, akamfuata bila kuambiwa, na muda si muda ving'ora vikasikika vikielekea hospitali.

Bi. Somoe akasikiliza mpaka vikapotea. Kisha akavaa kiatu chake, akaelekea mlangoni.

"Bibi!" Waziri akamkimbilia. "Desturi ni desturi. Umepewa mji, sasa lazima utoe jibu."

"Kweli," akasema, akarudi. "Chakupewa, swali hili kaulizwa nani?"

"Aliulizwa karani, halafu…"

"Sasa hivi limesimama mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Basi jibu."

"Mimi? Bi. Somoe, kura zangu zote zimo humo! Ikifuta, itakuwa hainijui!"

"Nilipokutoa, kuna aliyekuwa anakujua? Ulikuja na kura ngapi? Ulikuja uchi, una kichwa kirefu kama papai, na jina nikakupa mimi kwa mdomo huu, wala hapakuwa na umeme. Jibu, mwanangu."

Mtukufu akafumba mdomo. Akawa kimya. Uso ukaanza kumgeuka rangi, mashavu yakavimba, macho yakamtoka, na mawaziri wakaanza kunong'onezana kwamba labda si riziki.

Bi. Somoe akatikisa kichwa. "Huyu hajaacha," akasema. Akamshika bega, akamgeuza, na mbele ya baraza zima, kwaya na mlinzi mwenye bunduki, akakunja mkono wa gauni na kumpiga kofi moja la matako, lile la kazi, la kuleta pumzi.

Mtukufu akashtuka, akavuta hewa kwa nguvu kama siku ile ya kwanza, kidole kikaangukia kibodi, na katika nchi ile, kwa mara ya kwanza, aliyeulizwa akajibu:

"Ndiyooo!"